Maumivu ya Miguu kwa Watoto, na Maradhi Yajifichayo Nyuma Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, na kupigwa chapa humu kwa agizo la Kamati



Naishukuru Kamati kwa kunialika niseme nanyi habari ya afya baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Nafahamu ya kuwa baada ya hesabu watu huwa wamechoka, na baadhi yenu mna safari ya usiku kurudi Kisumu na Kakamega. Kwa hiyo sitazunguka. Niliachiwa nichague mwenyewe neno la kusema. Nimechagua maradhi ambayo si mengi kama malaria, wala hayatajwi sana barazani, lakini yana tabia mbaya ya kujificha nyuma ya jambo dogo kabisa ambalo kila mzazi alijua, nalo ni kilio cha mtoto usiku kwamba miguu yamuuma.

Nani katika sisi hajakisikia kilio hicho? Mama huamka, huwasha taa, hutia mafuta mkononi na kuchua muundi na shavu la mguu, huku akisema, "Unakua, mwanangu, lala." Na mara nyingi mama husema kweli. Nataka jambo hili lieleweke tangu mwanzo, maana sipendi mtu yeyote atoke katika ukumbi huu akiamini kwamba kila mtoto aliaye miguu ana saratani. Watoto wengi sana hupatwa na maumivu ya kukua. Wenye saratani ya damu ni wachache mno. Lakini hao wachache hupotea kwa sababu wamechanganywa na wale wengi, na kazi yangu leo ni kuonyesha jinsi ya kuwatenga.

Maumivu ya kukua yalipewa jina hilo zamani. Daktari mmoja wa Kifaransa, Marcel Duchamp, aliandika habari zake mwaka wa 1823, na jina likashika hata leo, ingawa lenyewe si sahihi. Mtoto hukua mbio sana anapokuwa mchanga, na tena anapobaleghe. Lakini maumivu haya huwajia hasa walio kati ya miaka 3 na 12, wakati ambao kukua kwao ni kwa polepole. Basi sababu yake hasa si kukua. Wengine hudhani kwamba ni uchovu wa misuli kwa mtoto aliyeshinda akikimbia na kuruka. Hata hivyo dalili zake zafahamika vizuri. Huuma miguu yote miwili, si mmoja. Huuma katika nyama, yaani mapaja, nyuma ya magoti na mashavu ya miguu, wala si katika kiungo. Huja jioni au usiku, hupungua kwa kuchuliwa au kukandwa kwa maji ya moto, na asubuhi huwa yamekwisha kabisa, mtoto akaamka na kukimbilia mpira wake kama kwamba hakulia. Usiku mwingine huja, usiku mwingine hayaji. Hakuna homa, hakuna uvimbe, wala mtoto hachechemei.

Yashikeni hayo, maana ndiyo mizani yetu. Sasa tutazame upande wa pili.

Ndani ya mifupa ya binadamu mna kitu laini kiitwacho uboho. Uboho ndio kiwanda cha damu. Humo hufanyizwa chembe za namna tatu: chembe nyekundu, zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuieneza mwilini, chembe nyeupe, zipiganazo na maradhi, na chembe ndogo sana zigandishazo damu mahali palipojeruhiwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na zile za kugandisha huishi siku 8 hadi 10 tu. Kwa hiyo kiwanda hiki hakina Jumapili. Saratani ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia, huanza pale chembe moja changa, ambayo ingekomaa ikawa chembe nyeupe, inapoharibika na kukataa kukomaa. Haipigani na maradhi wala haifi kwa wakati wake. Kazi yake ni kuzaa nyingine mfano wake, na hizo kuzaa nyingine, hata uboho ukajaa wageni wasiofanya kazi na wenyeji wakakosa mahali.

Mkilielewa jambo hilo moja, dalili zote zitawafungukia bila ya kukariri. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto hupauka, huchoka, na moyo wake humwenda mbio kwa kupanda ngazi tu. Chembe nyeupe zilizo nzima zikipungua, homa huja na kwenda na kurudi, na kidonda cha kinywa hakiponi. Chembe za kugandisha zikipungua, damu hutoka puani au katika ufizi bila ya sababu, na vilio vya damu huonekana mahali ambapo mtoto hakupigwa. Wale wageni wakijaa hata kutoka nje ya uboho, hukimbilia kwenye ini, wengu na tezi. Basi tumbo huvimba upande wa juu, na shingoni, kwapani au katika kinena hutokea tezi ngumu zisizouma.

Na mifupa? Kwa mtu mzima uboho ufanyao damu umebaki zaidi katika mifupa ya kiwiliwili: uti wa mgongo, mbavu, kidari na nyonga. Lakini kwa mtoto mdogo uboho huo ungali umejaa hata katika mifupa mirefu ya mikono na miguu. Uboho ukisongwa na chembe zisizo na idadi, mfupa husukumwa kutoka ndani, na ngozi nyembamba iufunikayo mfupa ina mishipa mingi ya fahamu. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 4 mwenye maradhi haya huweza kulia miguu kwanza, kabla ya mtu yeyote kuona kwamba amepauka.

Si maneno ya kubahatisha haya. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Uingereza walichapisha kazi waliyoifanya kwa kukusanya tafiti 33 zenye habari za watoto zaidi ya 3,000 walioonekana na lukemia. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na ini au wengu uliovimba, au weupe wa upungufu wa damu, au homa, au vilio vya damu. Na wenye maumivu ya mikono au miguu walikuwa 43 katika kila 100. Kwa hiyo maumivu ya miguu si dalili ya pembeni.

Sasa nirudi kwenye mizani. Maumivu ya saratani hayana adabu ya kuondoka asubuhi. Huweza kushika mguu mmoja, au mgongo, au kuhama kutoka goti hata bega. Kuchua hakuyaondoi, pengine mtoto hulia zaidi akiguswa. Mtoto huchechemea, au aliyekwisha jua kutembea hutaka kubebwa tena. Juma la pili huwa baya kuliko la kwanza, na la tatu kuliko la pili. Na huambatana na moja au zaidi ya yale mengine niliyoyataja. Mzazi asingoje hata yatimie yote; maumivu ya mfupa yasiyokoma pamoja na homa, au pamoja na weupe, au pamoja na vilio vya damu, yatosha kumpeleka mtoto akapimwe damu juma lile lile, na kama damu yatoka isizuilike, siku ile ile.

Hapa naongeza neno moja kwa ajili yetu sisi wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya udaktari vimeandikwa kwa picha za watoto wa Kizungu, ambao wekundu na weupe wao huonekana tangu mlangoni. Kwetu sivyo. Mtafute weupe katika viganja vya mikono, katika ulimi, na ndani ya kope la chini. Yale madoa madogo ya damu, mfano wa kichwa cha sindano, yatafuteni kwenye nyayo na katika kaakaa la mdomo. Mama aogeshaye mtoto kila siku hana haja ya chombo chochote kingine kwa kazi hiyo. Atumie mwanga wa mchana.

Yapo mambo mengine yazidishayo giza katika nchi yetu, na haya hayamo sana katika vitabu vya Ulaya. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na katika sehemu za ziwa na za pwani ni haki kuanza na malaria. Lakini mtoto huweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu yake na wakati uo huo akawa na lukemia katika mifupa yake. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba yupo mbu aliyemwuma, hakikusema kwamba hakuna neno jingine. Kadhalika maradhi ya siko seli, ambayo yapo kwa wingi katika sehemu hizo hizo, nayo huumiza mifupa na kupunguza damu. Pia baridi yabisi ya watoto, na usaha ndani ya mfupa, na kifua kikuu cha mifupa. Mganga aliye na wagonjwa mia mlangoni hulishika lile analoliona kila siku. Simlaumu. Nasema tu kwamba mtoto aliyetibiwa malaria mara ya pili na ya tatu bila ya kupona hahitaji dozi ya nne. Ahitaji mtu wa kuuliza swali jingine.

Nitawasimulia habari ya mtoto mmoja, nami nitaficha jina na mahali. Nilikuwa muuguzi katika wilaya moja ya magharibi. Akaletwa binti wa miaka 5 na nyanya yake. Miezi miwili alikuwa akilia miguu usiku. Alikuwa amekwisha tibiwa malaria mara tatu, na homa ya matumbo mara moja. Kisha katika duka moja la dawa, ambalo sina haja ya kulitaja, alipewa vidonge vya jamii ya steroidi bila ya kuandikiwa na daktari, na maumivu yakatoweka kama kwa muujiza. Familia ikashangilia. Baada ya majuma mawili yakarudi, yakiwa makali kuliko kwanza.

Tusimame hapo kidogo, maana jambo hili ni kubwa. Vidonge hivyo ni dawa ya kweli. Vimo hata katika matibabu yenyewe ya lukemia. Kwa sababu hiyo hasa, vikimezwa kabla ya maradhi kujulikana, huua baadhi ya chembe mbaya, hupunguza maumivu na homa, na hata huweza kuvuruga vipimo vya damu na vya uboho, daktari akadanganyika au akachelewa. Wala chembe zilizobaki hazikushindwa, zimejificha tu. Kwa hiyo mtu asimnunulie mtoto wake dawa ya namna hiyo kwa ajili ya maumivu yasiyojulikana, hata akishauriwa na jirani mwenye nia njema.

Nyanya yule hakujua kusoma, lakini alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mtoto huyu alikuwa akifukuza kuku wangu kutwa nzima hata wakaacha kutaga. Sasa kuku wampita miguuni, naye awatazama tu." Daktari msaidizi aliyekuwa zamu siku ile alimlaza mtoto, akampapasa tumbo, akaukuta wengu umeshuka chini ya mbavu. Akaagiza hesabu kamili ya damu, na matone ya damu yatazamwe katika darubini. Jioni yake mtoto akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, ambako walichukua uboho kidogo katika mfupa wa nyonga kwa sindano, na maradhi yakajulikana kwa jina lake.

Hicho kipimo cha kwanza si cha ajabu. Hesabu kamili ya damu hufanywa katika hospitali zetu nyingi za kaunti, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na fedha zilizokwisha teketea kwa dawa nne zisizohusika. Ila mzazi aombe pia kwamba damu itazamwe kwa jicho la mtu katika darubini; maana hesabu ya chembe nyeupe huweza kuwa juu sana, na huweza pia kuwa ya kawaida au ya chini, na karatasi ya mashine peke yake isitoe habari zote.

Mtaniuliza: tukijua, itafaa nini? Si saratani hiyo? Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu wengi wetu tunao moyoni mwetu ujuzi wa miaka sabini iliyopita. Kabla ya mwaka wa 1947 lukemia ya watoto ilikuwa hukumu. Mtoto alikufa kwa majuma au kwa miezi. Huko Boston, katika Marekani, daktari aitwaye Sidney Farber alichukua dawa iliyofanyizwa na mwanakemia wa Kihindi, Yellapragada Subbarow, na wenzake, akawapa watoto 16. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 1948: watoto 10 katika hao walipata nafuu. Nafuu ilikuwa ya miezi tu, maradhi yakarudi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Dawa nyingine zikafuata. Katika hospitali ya St. Jude ya Memphis, iliyofunguliwa mwaka wa 1962, Donald Pinkel na wenzake walizitumia dawa nyingi kwa pamoja na kutibu pia utando wa ubongo ambako chembe mbaya hukimbilia, na kufika mwanzo wa miaka ya 1970 karibu nusu ya watoto walikuwa wakipona. Leo katika nchi tajiri, katika watoto 10 wenye lukemia ile iliyo nyingi kwa watoto, 9 hivi hupona.

Dawa mojawapo yatuhusu kwa ujirani. Wengi wenu mmeliona lile ua dogo lenye majani membamba matano, la rangi ya waridi au jeupe, lipandwalo mbele ya nyumba huko pwani na hata hapa Nairobi, lisilokufa kwa jua. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada walipewa majani yake kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kwa maradhi ya sukari. Hayakusaidia sukari, lakini waliona kwamba yalipunguza chembe nyeupe za panya. Kutoka katika mmea huo ikapatikana vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka wa 1963, na hata leo watoto watibiwao lukemia ile iliyo nyingi kwa watoto huchomwa sindano yake. Nasema hayo kwa furaha, lakini naongeza upesi: mtu asichemshe majani hayo nyumbani. Yana sumu, na kipimo cha dawa hiyo huhesabiwa kwa uangalifu mkubwa kwa kila mtoto.

Wala Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Akafuatia habari hiyo, na mwaka wa 1961 yeye na rafiki zake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, wapi uvimbe huu huonekana na wapi hauonekani. Maradhi hayo, yaitwayo sasa kwa jina lake, ni jamaa ya saratani za damu; hupatikana sana penye malaria nyingi, na hukua kwa kasi ya kutisha. Nayo huchanganywa na mambo madogo. Mtoto hulegea meno, shavu likavimba, wazazi wakampeleka kung'olewa jino. Jino la mtoto likilegea kabla ya wakati wake pamoja na uvimbe wa taya, huyo si wa kung'olewa, ni wa kupelekwa hospitali bila ya kungoja juma lijalo. Maradhi hayo yakiwahiwa hushindwa na dawa kwa namna ambayo ni saratani chache zifananazo nayo.

Basi kama dawa ziko, kwa nini watoto wetu hufa? Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupatwa na saratani za namna zote. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Tofauti hiyo kubwa haitokani na damu yetu kuwa namna nyingine. Hutokana na kuchelewa kujua, na kukosa dawa, na hili la tatu ambalo nitalikalia kidogo: kuyaacha matibabu katikati ya njia.

Matibabu ya lukemia ya watoto huchukua miaka 2 hadi 3. Mwezi wa kwanza ni mgumu. Mtoto hulazwa, huchomwa sindano za mshipa na za uti wa mgongo, nywele humtoka, huongezewa damu. Kisha, baada ya majuma manne au sita, hutokea jambo la ajabu: hupata rangi, hucheka, huomba chapati. Darubini haioni chembe mbaya tena. Na hapo ndipo baba, aliyekwisha uza ng'ombe na kukopa kwa shemeji, husema, "Mungu ametusaidia, mtoto amepona, twende nyumbani." Lakini mamilioni ya chembe zimebaki, kidogo kwa darubini na nyingi kwa mwili. Wakiacha dawa hapo, maradhi hurudi, na yakirudi huwa yamekwisha jifunza kupigana na dawa zile zile. Wazazi hao si wajinga wala si wakatili. Wamefanya hesabu kama tufanyavyo sisi sote, wakaona mtoto mzima mbele yao, na watoto wengine wanne nyumbani wasio na karo.

Baba wa yule binti niliyemtaja alifanya hesabu hiyo hiyo. Alikuja kumchukua mwezi wa pili. Nyanya akaketi mlangoni pa wadi akakataa kuondoka. Jambo lililomaliza ubishi halikuwa hotuba ya daktari; alikuja mjomba aliyekuwa na kazi ya mshahara, akasema kwamba nauli ya kuja kliniki ataitoa yeye kila mwezi hata mwisho. Alitimiza. Binti alimaliza dawa katika mwaka wa tatu, akarudi darasani akiwa mrefu kuliko dawati lake.

Nauli, Bwana Mwenyekiti. Sasa nitasema neno juu ya hesabu zilizosomwa hivi punde, na mnisamehe. Chama chetu ni chama cha kusaidiana, na kifungu kirefu kuliko vyote katika hesabu zetu, mwaka hata mwaka, ni kifungu cha mazishi: jeneza, gari la kuchukua maiti mpaka nyumbani, chakula cha waombolezaji. Sisemi tukiondoe. Kumrudisha mtu wetu kwao ni heshima, na mwenzetu aliyefiwa asiachwe peke yake. Lakini naona jambo la kushangaza kwamba mtoto wa mwanachama akifa, fedha hupatikana kwa siku mbili, na mtoto yule yule akiwa hai na kuhitaji nauli ya kwenda Eldoret mara moja kwa mwezi, hatuna kifungu chake. Methali yasema mficha maradhi kilio humfichua. Hawa hawakuficha, walikosa tu mahali pa kuyasema.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hapa Nairobi, na Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa kule Eldoret, zina madaktari na wadi za watoto wenye saratani. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya iko chini ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF. Kila mwanachama ajiandikishe, na watoto wake waandikwe kwa majina kabla ya ugonjwa, maana kuandikisha mtoto akiwa kitandani ni mateso juu ya mateso. Lakini bima ina kikomo chake, wala hailipi basi, wala chakula cha mama akaaye mjini akingoja, wala siku za kazi alizopoteza baba. Hivyo ndivyo viutoavyo mtoto mikononi mwa madaktari. Na hivyo ndivyo vilivyo saizi ya chama kama chetu. Naomba Kamati ifikirie kutenga fungu dogo la nauli ya matibabu ya muda mrefu kwa watoto, lilipwe kwa kuonyesha kadi ya kliniki, lisipewe mara moja kwa jumla bali kila safari, ili liwe kamba ya kumvuta mzazi arudi. Na nyumba ya mwanachama iliyo karibu na hospitali hizo yaweza kumpokea mama na mtoto usiku mmoja. Hilo halihitaji hata kuandikwa katika hesabu.

Nimeletewa karatasi za maswali. Swali la kwanza lauliza kama maradhi haya huambukiza. Hayaambukizi. Mtoto ale na wenzake katika sahani moja na kulala nao kitanda kimoja. Yeye ndiye wa kulindwa nao, maana wakiwa na tetekuwanga au surua wao huweza kumdhuru sana. Na akipata homa wakati wa matibabu apelekwe hospitali usiku ule ule, si asubuhi.

La pili limeandikwa na mama, naye auliza kama ni kosa la aliyemzaa: chakula alichokula, au neno alilosema, au jicho la mtu. Hapana. Kwa watoto walio wengi chanzo hakijulikani na madaktari wa nchi yoyote. Yako mambo machache ya kuzaliwa nayo yazidishayo hatari, lakini hakuna mama aliyefanya lukemia kwa mikono yake. Kama yupo nyumba ambamo mke amesingiziwa hivyo, wazee waliomo humu walichukue neno hili na kulifikisha huko.

La tatu lauliza kama sisi tusio na fedha twaweza kusaidia kwa kitu kingine. Ndiyo, kwa damu. Mtoto wa lukemia huhitaji kuongezewa damu mara nyingi katika miezi ya kwanza, na zaidi zile chembe za kugandisha, ambazo zikishatolewa haziwekeki zaidi ya siku chache, hata ziwe katika chombo kizuri namna gani. Kwa hiyo damu iliyotolewa Pasaka haimfai mtoto atokaye damu puani mwezi wa Juni. Watu hutakiwa kila juma. Mtu mzima wa afya, aliye na umri kati ya miaka 16 na 65 na uzito usiopungua kilo 50, huweza kutoa. Bwana Mweka Hazina amenikubalia niweke daftari mezani pake, karibu na mlango wa kutokea, lenye nafasi ya jina na namba ya simu. Kalamu mbili ziko hapo hapo.